Kugeuza lita kwa saa kuwa kilo kwa saa kwenye injini yenye mita mbili za mafuta

Fundi mwenzangu aliniletea hesabu za jenereta ya dizeli ya zamani ambayo, kwa namba zake, ilikuwa inakula mafuta kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi za kiwandani. Injini ikishachakaa haifanyi hivyo. Tulipozipitia hesabu tukakuta kasoro iko hatua ya 4, ya mafuta yanayorudi tanki, na ndiyo maana hatua hiyo hapa ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Kanuni na vipimo

Kilo kwa saa = lita kwa saa × densiti (uzito wa kila lita) kwa kilo kwa lita. Cheti cha mafuta kikiandika 835 kg/m³, gawa kwa 1,000 upate 0.835. Ukitaka gramu kwa sekunde, gawa kilo kwa saa kwa 3.6.

Mita ikisoma galoni, uliza kwanza ni galoni ya nani: ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Na kila namba ya densiti iandikie kipimo chake pembeni. Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani kwa sababu waliojaza walitumia 1.77, ambayo ni paundi kwa lita, wakati hesabu ya ndege ilitaka kilo. Marubani waliiteremsha bila injini hadi Gimli, Manitoba, nchini Kanada, na watu wakapona.

Hatua ya 2: Pata densiti ya mafuta yako

Usichukue 0.85 ya mtandaoni. Dizeli ya kiwango cha Ulaya, EN 590, huruhusiwa isizidi 845 kg/m³ kwa nyuzi 15 za Selsiasi. Petroli ya EN 228 ni 720 hadi 775. Jet A-1, mafuta ya ndege, ni 775 hadi 840. Tumia cheti cha shehena yenyewe, au haidromita, kile kipimo cha densiti kinachoelea kwenye sampuli. Ukitumia haidromita, soma na joto la sampuli papo hapo, kwani densiti bila joto lake haikusaidii kitu.

Angalia pia cheti kimetaja joto gani la rejea, yaani joto ambalo densiti yake imehesabiwa. Nchi nyingi hutumia nyuzi 15, lakini China na Brazil hutumia 20, na Marekani hutumia 60 za Farenhaiti, yaani 15.6 hivi za Selsiasi.

Hatua ya 3: Rekebisha densiti kwa joto la mita

Mafuta yakipata joto hutanuka, kwa hiyo lita moja ya moto ina kilo chache. Kwa dizeli, toa takribani 0.7 kg/m³ kwa kila nyuzi inayozidi 15. Kwa kazi ya karakana hiyo inatosha kabisa. Ukiuza au kununua mafuta tumia jedwali za ASTM D1250, za kurekebisha ujazo wa mafuta kwa joto, maana hapo kila nukta ni pesa ya mtu.

Ila kabla hujarekebisha chochote, fungua kitabu cha mita. Zipo mita zinazojirekebisha zenyewe na kuonyesha lita za nyuzi 15. Kwa hizo, zidisha kwa densiti ya nyuzi 15 moja kwa moja. Ukirekebisha tena umepunguza mara mbili.

Hatua ya 4: Bomba la kwenda na bomba la kurudi

Injini nyingi za dizeli huvuta mafuta mengi kuliko zinayochoma, na yanayobaki hurudi tanki yakiwa yamepata joto la pampu na nozeli. Kwa hiyo unakuwa na mita mbili, na kishawishi ni kutoa lita kwa lita kisha kuzidisha mara moja. Usifanye hivyo. Lita ya kwenda na lita ya kurudi hazina kilo sawa.

Chukua mfano. Densiti ya nyuzi 15 ni 835. Mita ya kwenda inasoma lita 300 kwa saa kwa nyuzi 40. Ya kurudi inasoma 220 kwa nyuzi 60.

Kwenda: 835 − 0.7 × 25 = 817.5, hivyo 300 × 0.8175 = kilo 245.25.
Kurudi: 835 − 0.7 × 45 = 803.5, hivyo 220 × 0.8035 = kilo 176.77.
Iliyochomwa: kilo 68.5 kwa saa.

Fundi mwenzangu angetoa 300 − 220 = 80, azidishe kwa 0.8175, apate 65.4. Amepoteza asilimia 4.5 ya mafuta kwenye karatasi tu. Kadiri yanayorudi yanavyokuwa mengi, ndivyo kosa linavyokua, kwa sababu unatoa namba kubwa mbili ili upate ndogo.

Hapo hapo kuna mitego mingine. Joto lisome kwenye kila mita, si tanki. Bunduki ya miale ya kupimia joto sipendi kuiona karibu na bomba la chuma linalong'aa: husoma chini mno. Funga themokapo, waya wa kupimia joto, kwenye bomba, uifunike kwa kizuia joto. Subiri joto litulie kwenye mabomba yote mawili ndipo uanze kuandika, na mita zote uzisome kwa muda uleule. Povu la hewa kwenye bomba la kurudi nalo huhesabiwa kama mafuta, na injini inaonekana ya ajabu kwa kubana matumizi. Mita za aina moja, zilizopimwa usahihi kwa pamoja, ni bora kuliko moja ghali na nyingine ya kuokota.

Mwenye fedha anunue mita ya Coriolis kwa kila bomba. Hiyo hupima kilo moja kwa moja, nawe unaruka hatua ya 2 na ya 3.

Hatua ya 5: Kagua jibu

Gawa gramu kwa saa kwa kilowati. Kwa mzigo wa kW 330, kilo 68.5 zinatoa 208 g/kWh (gramu kwa kila kilowati-saa), jambo la kawaida kwa dizeli ya ukubwa huo. Kilo 65.4 zinatoa 198, ambayo kwa injini iliyochakaa inatosha kukurudisha hatua ya 4.