Jinsi ya Kuwaandika Watu wa Kawaida Wanaoishi Jirani na Jamii ya Siri ya Wachawi Jijini Nairobi

Mwandishi anayetaka kutunga hadithi ya fantasia ambamo jamii ya wachawi imejificha katikati ya Nairobi hana budi kukubali jambo moja kabla hajaandika sura ya kwanza: wakazi wengi wa jiji hili tayari wanaamini kwamba uchawi upo, na hata wasioamini hawashangai kuusikia ukitajwa. Matangazo ya waganga wanaojinadi kuwa wametoka Tanga, Pemba au Kitui yamebandikwa kwenye nguzo za stima, yakiahidi kumrudisha mume aliyetoroka na kumnasa mwizi wa ng'ombe. Katika mazingira kama hayo, siri haiwezi kuwa kwamba uchawi upo. Siri ni nani hasa aliye nao, anakaa mtaa gani, na anaufanyia kazi gani. Ukiisha kulipokea hilo, utaona kwamba matangazo yenyewe ni maficho bora kuliko ukuta wowote usioonekana, kwa maana jamii ya kweli inaweza kuyaacha yazagae ili kila mwenye udadisi aishie kwa mganga wa bango, alipe, na arudi nyumbani akiwa ameridhika au ametapeliwa.

Anza na watu wa kawaida, na uwape kazi zinazowalazimu kuona mambo. Mama mboga anajua nyumba yenye viatu vya watu saba mlangoni hununua sukuma ya watu watatu. Mama fua anajua nguo zipi hazichafuki. Makanga anajua abiria ambaye hajawahi kumwona akipanda, ila humwona akishuka. Mfikirie keateka, yaani mwangalizi, wa jengo moja la ghorofa mtaani Pipeline. Mpangaji wa chumba cha pembeni hajawahi kumlalamikia kwamba tokeni za kulipia stima zimekataa kuingia, mita yake inasoma sifuri tangu alipohamia, na taa yake inawaka hadi usiku wa manane. Keateka huyu hawazii uchawi hata kidogo. Anawazia wizi wa stima, na anahofia kwamba mwenye nyumba atamtupia lawama yeye. Anashuka na tochi, anafungua kisanduku cha mita kilicho chini ya ngazi, anakuta nyaya zimekaa sawa na lakiri haijaguswa, anakifunga polepole. Asubuhi anamwambia mpangaji, "Bosi wangu, nunua hata tokeni za mia moja, watu wasianze kuuliza maswali." Kwa maneno hayo amegeuka mtunza siri bila kiapo, na bila kujua ni siri gani anayoitunza. Tangu hapo kila uamuzi wake una uzito katika hadithi, na hukuhitaji kumfanya mjinga ili njama iende mbele.

Dawa ya kusahaulisha iepuke kadiri uwezavyo. Ni njia rahisi ya kumwokoa mwandishi aliyejikwamisha, nayo humvua mtu wa kawaida kitu pekee alichokuwa nacho, yaani alichokiona. Tena katika jiji hili haifanyi kazi vizuri. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, shughuli nyingi mno za watu huacha ujumbe kwenye simu, chama huweka daftari la michango, na kioski huwa na orodha ya wadeni. Ikiwa ni lazima uitumie, onyesha gharama yake. Mama mboga aliyesahaulishwa atalifungua daftari lake na kukuta jina la mdeni asiyemkumbuka, limeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, na mbele yake pana shilingi mia nane. Atauliza. Atawauliza wateja wote, kwa sababu fedha hizo ni mtaji wake, na ukaidi wake utawatisha wachawi kuliko upelelezi wa polisi.

Historia nayo izingatiwe. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli mahali palipokuwa na maji na malisho ya Wamaasai, kwa hiyo baraza la wachawi lililotawala jiji hili kwa miaka elfu moja halitaaminika. Linaloaminika zaidi ni kwamba wachawi walikuja kama walivyokuja wengine, kwa garimoshi na kwa miguu, kila kundi na miiko yake, wakagombania vyumba na viwanja. Kisha kukaja kipande: chini ya sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kubeba hati yenye alama za vidole, ambayo wengi waliivaa shingoni ndani ya kijikopo cha bati. Mchawi asiyetaka kuandikishwa alifanyaje? Labda jirani asiye na uchawi wowote alimwazima chake, akakamatwa, akafungwa, na mpaka leo familia ya mchawi inawadai wajukuu wa jirani huyo ukimya huku ikisahau kwamba yenyewe ndiyo inayodaiwa. Deni la namna hiyo linatosha riwaya nzima.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ni hazina nyingine, na nashangaa jinsi inavyopuuzwa na watunzi wetu. Haimlengi tu anayejidai kuwa na nguvu za kuwadhuru wengine. Inamlenga pia anayemshutumu mwenzake kuwa mchawi pasipo kulifikisha jambo hilo kwa ofisa wa serikali. Jirani anayeujua ukweli, basi, akiusema mbele ya majirani tu anaweza kushtakiwa yeye.

Mtihani mgumu kuliko yote ni msiba. Mtu akifariki, majirani hukutana kila jioni, huchanga, huunda kamati, na hutafuta basi la kuusindikiza mwili hadi nyumbani kwao. Jamii ya siri itakayosema kwamba inawazika watu wake yenyewe itazua maneno ambayo hakuna kago, yaani kinga ya kichawi, litakaloyazuia. Andika kikao hicho kwa kirefu: mwekahazina anauliza mochari ipi, mzee wa Nyumba Kumi anataka nambari ya kitambulisho cha marehemu, na mjane anazijibu nusu ya hoja huku akimtazama rafiki yake wa miaka mingi, ambaye ameanza kuelewa.

Usimpe nafasi ya mchawi mwovu bibi kizee maskini mwenye macho mekundu. Kisii na Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo, na hadithi yako itasomwa na jamaa zao.

Kuhusu lugha, simulizi linaweza kukaa katika Kiswahili sanifu, lakini makanga azungumze Sheng. Rasimu ikikamilika, pitia kila sura ukitafuta mahali ambapo mtu asiye na uchawi amechagua jambo lililobadilisha kinachofuata. Sura ambayo hukupata mahali hapo, irudie kuanzia mlangoni kwa keateka.