Desemba Moshi: bandika karatasi ya zamu mapema

Wenye ofisi na maduka hapa Moshi, Desemba msigombane na simu za watu. Ndugu wanapanda kutoka Dar, kuna kipaimara, kuna mbuzi wa kuchinjwa. Saa nne asubuhi akili ya mtu iko kijijini kwao, Kibosho. Mimi mwishoni mwa Novemba nabandika karatasi ukutani, kila mmoja anajaza siku mbili anazozihitaji sana kati ya tarehe 20 na 31. Hizo sizikati kwenye likizo ya mwaka, maana siku 28 ni haki yao kisheria. Hesabu ya stoo tunaimaliza kabla ya tarehe 15, vichwa vikiwa bado vimetulia. Atakayeshika zamu tarehe 24 anaondoka saa sita mchana, awahi gari la kwao.