Usiipake rangi Tiger Moth iliyoanguka
Kama una ndege ya zamani aina ya Tiger Moth iliyovunjika bawa na unataka kuiuza, usikimbilie kuipaka rangi. Anayetafuta ndege hizi, zilizoanza kuruka Uingereza mwaka 1931, ananunua historia kabla ya injini. Tafuta kwanza madaftari ya safari na matengenezo, hata kama mchwa wameyatafuna pembeni, pamoja na kile kibati chenye namba ya kiwanda. Usikisugue wala kuking'oa! Piga picha za karibu kabisa mahali mbao za bawa zilipopasuka, kabla kitambaa kinachofunika bawa hakijabanduliwa. Ukisema iliwahi kurushwa na rubani maarufu, onyesha jina lake kwenye daftari. Ajali nayo iandike wazi: lini, wapi, nini kilivunjika. Ninaposoma tangazo la ndege kama hii, mimi huanzia hapo.