Mafua ya Mzio au Maambukizi: Mambo ya Kuzingatia Kabla Janga Halijabisha Hodi

Machi 11, 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Uviko-19 umekuwa janga la dunia nzima. Tangu siku hiyo sisi wenye mzio, au aleji kama wengi tunavyoiita, tulianza kuionea haya chafya. Chafya iliyozoeleka kujibiwa kwa neno la pole sasa iliwafanya watu wahame viti. Mimi nina mafua ya mzio tangu utotoni, na katika miezi ile nilikosea kwa namna mbili. Kuna siku nilijifungia chumbani nikitetemeka kwa hofu, kumbe ni vumbi la kabati nililolipangua asubuhi. Na kuna siku nilisema "hii ni aleji yangu tu," nikaenda kukaa na wazee wangu mchana kutwa, na usiku wa pili homa ikanipanda. Nashukuru hakuna aliyeugua kwa sababu yangu. Kosa hilo la pili ndilo linalonisukuma kuandika haya.

Majedwali ya kulinganisha dalili yapo mengi: huku mzio, huku Uviko, huku mafua ya kawaida. Yanasaidia, lakini yanazungumzia mgonjwa wa wastani, na hakuna mtu anayeugua kwa wastani. Swali lenye maana ni moja: hali yangu ya leo inafanana na mzio wangu wa siku zote? Mtu ambaye hajawahi kuuchunguza mzio wake akiwa mtulivu hawezi kulijibu akiwa na hofu. Ndiyo maana nasema maandalizi yaanze sasa, wakati hakuna mlipuko wowote.

Chukua daftari. Kila mzio unapokushika, andika ulikuwa wapi na ulikuwa ukifanya nini: kufagia, kutandika kitanda, kumshika paka, kupita penye miti inayochanua, kuingia chumba chenye ukungu ukutani. Andika ilikuchukua muda gani tangu kukutana na kitu hicho hadi chafya ya kwanza. Andika kinachowasha ni nini, makamasi yana rangi gani, kikohozi kipo au hakipo, ulitumia dawa gani na ulipata nafuu baada ya saa ngapi. Ukifanya hivyo kwa miezi michache utakuwa na picha ya mzio wako ambayo hata daktari hana. Kama mzio wako huja kwa msimu, andika pia ulianza mwezi gani na uliisha lini.

Muda ndio wenye siri kubwa, na sababu yake ni namna vitu hivi viwili vinavyofanya kazi mwilini. Mwenye mzio tayari ana kingamwili, yaani askari wa mwili, zinazomtambua adui wake, iwe ni chavua, kinyesi cha utitiri wa vumbi au magamba madogo ya ngozi ya mnyama. Kitu hicho kikigusa utando wa pua au macho, seli zilizoko pale humwaga kemikali iitwayo histamini ndani ya dakika chache. Kwa hiyo mzio hulipuka haraka, na ukiondoka mahali penye kisababishi, mara nyingi hupungua. Virusi havina mwendo huo. Vikishaingia, vinahitaji siku moja au zaidi kuzaliana kabla hujahisi lolote. Kwa mafua makali ya influenza ni kati ya siku 1 na 4. Kwa Uviko-19 ni kati ya siku 2 na 14, na aina ya kirusi hicho iitwayo Omikroni ilizoea kujitokeza mapema, karibu siku ya 3. Tena virusi havijali kama umetoka nje au umeingia ndani, kama umefungua dirisha au umebadilisha shuka. Ukijiuliza "nilikuwa wapi dakika ishirini zilizopita?" unautafuta mzio. Ukijiuliza "nilikuwa na nani wiki iliyopita?" unatafuta maambukizi. Jiulize yote mawili, na uwatazame pia watu unaoishi nao. Mzio hauambukizwi, kwa hiyo watu watatu wa nyumba moja wakianza kupiga chafya mmoja baada ya mwingine ndani ya siku chache, acha kuzungumzia aleji.

Kati ya dalili zote, ninayoiamini zaidi ni muwasho. Histamini huchokoza mishipa ya fahamu, ndiyo maana mwenye mzio huwashwa macho, pua, kaakaa, na hata ndani ya masikio, mpaka atamani kujikuna kwa ulimi. Chafya huja mfululizo, sita au kumi kwa mpigo, na makamasi hutiririka kama maji. Watoto hawajui kusema "nawashwa". Wao husugua pua kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, na wengine husugua kwa muda mrefu hadi mstari mwembamba unajichora juu ya pua. Mtoto wa namna hiyo anayecheza na kula kama kawaida, hana homa, na macho yake mekundu yanatoa machozi, yaelekea ana mzio. Mtoto aliyelegea, anayetaka kubebwa na kukataa chakula, ni habari nyingine kabisa.

Koo nalo lina lugha yake. Koo la mzio hukereketa, kwa sababu makamasi hushuka nyuma ya pua na kulichokoza, hasa ukilala chali. Koo la maambukizi huuma, na kumeza mate ni shida. Kuhusu uchovu, nakuomba uwe mwangalifu. Mzio huchosha kweli, maana asiyepumua vizuri usiku hawezi kulala, lakini hauvunjivunji mwili. Maumivu ya misuli na viungo, baridi inayotetemesha, kuhara: hizo si tabia za mafua ya mzio.

Sasa kipimajoto. Hiki ni kifaa ambacho kila nyumba inapaswa kuwa nacho kabla ya janga, kwa sababu janga likija huadimika. Mafua ya mzio hayaleti homa. Joto la nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi linataka maelezo mengine. Lakini kipimajoto kinamfaa anayejua joto lake la kawaida, kwa hiyo jipime ukiwa mzima, asubuhi na jioni, kwa siku chache, uandike kwenye lile daftari. Jioni joto hupanda kidogo, na kipimo cha kwapani husoma chini kuliko cha mdomoni. Usijipime mdomoni mara tu baada ya kinywaji cha moto au baridi. Na kuna jambo linalowaponza wengi: jipime kabla ya kumeza dawa. Paracetamoli hushusha homa, nayo imechanganywa ndani ya dawa nyingi za mafua zinazouzwa bila cheti, hivyo mtu anaweza kujipima, akakuta nyuzi 36.8, akaenda kazini na homa iliyofichwa. Soma kibandiko. Halafu usiufanye mjadala wa homa kuwa hukumu ya mwisho: wazee, na watu wenye kinga dhaifu, wanaweza kuugua sana bila kupata homa yoyote.

Kupotea kwa harufu kulikuwa alama mashuhuri ya Uviko katika miezi ya mwanzo. Mzio pia hupoteza harufu, ila hufanya hivyo kwa kuziba pua, polepole, na pua ikifunguka harufu hurudi. Pua iliyo wazi, inayopitisha hewa vizuri, lakini haisikii sabuni uliyoishika mkononi, na iliisikia jana, hiyo ni dalili nzito ya maambukizi. Kinyume chake hakisemi kitu, maana walioambukizwa Omikroni wengi hawakupoteza harufu kabisa. Walikuwa na pua inayotiririka, chafya na koo, yaani dalili zilezile tulizozoea kuziita za mzio. Majedwali ya mwaka 2020 yaliyosema kwamba chafya si dalili ya Uviko yalizeeka ndani ya miaka miwili.

Dawa zinaweza kukupa dokezo. Dawa za mzio kama setirizini na loratadini kwa kawaida huanza kufanya kazi ndani ya saa moja hadi tatu. Ikiwa kila mwaka hukutuliza, na leo umemeza kama kawaida lakini hali imezidi kuwa mbaya hadi kesho yake, chukulia kwamba kuna kitu kingine. Kupata nafuu, kwa upande mwingine, si uthibitisho: dawa za zamani za mzio zinazoleta usingizi hukausha pua hata ya mtu mwenye virusi. Dawa ya kupulizia puani yenye steroidi, yaani kemikali ya kutuliza uvimbe, huchukua siku kadhaa, hata wiki mbili, kufikia nguvu yake, kwa hiyo usiitumie kama mtihani. Kama msimu wako unajulikana, anza kuipulizia mapema, kwa ushauri wa daktari wako. Pua iliyotulia kabla ya msimu itakuondolea nusu ya maswali haya.

Jambo lililoniponza mimi ni kudhani kwamba ni lazima kiwe kimoja kati ya viwili. Mtu anaweza kuwa na mzio na maambukizi siku ileile. Mzio haukupi kinga dhidi ya virusi. Tena fikiria hivi: Uviko huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla dalili hazijaonekana. Mtu aliyeambukizwa bila kujua, ambaye mzio unampigisha chafya kumi, anarusha virusi kwa nguvu ambayo asingekuwa nayo. Na macho yanayowasha humfanya apeleke mikono usoni kila dakika. Kwa hiyo wakati wa mlipuko, hata ukiwa na hakika kwamba ni aleji, vaa barakoa, piga chafya kwenye kiwiko na nawa mikono. Barakoa hiyohiyo hupunguza chavua unayovuta, na wenye mzio wengi waligundua jambo hilo kwa furaha.

Ukiwa na shaka, jihesabu kuwa unaambukiza hadi ithibitike vinginevyo. Kukaa chumbani siku mbili bure ni usumbufu. Kumpelekea ugonjwa mtu mwenye mapafu dhaifu ni kitu kingine. Kipimo cha haraka cha antijeni, yaani kile kinachotafuta chembe za kirusi, kikisoma chanya mara nyingi husema kweli. Kikisoma hasi siku ya kwanza ya dalili hakijamaliza neno, kwa hiyo rudia baada ya saa 48. Nunua vipimo mapema na uangalie tarehe ya kuisha muda wake. Pia, janga lisitusahaulishe magonjwa ya zamani: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hata ukiwa na historia ndefu ya aleji, kinahitaji kupimwa kifua kikuu, hasa kikija na jasho la usiku au kupungua uzito.

Mwenye pumu ajiwekee akiba ya dawa za kuvuta ya walau mwezi mmoja, na asiache dawa yake ya kila siku ya kuzuia kwa kuogopa kwamba steroidi iliyomo itashusha kinga. Wataalamu walishauri wagonjwa waendelee nazo, kwa kuwa pumu isiyodhibitiwa ndiyo hatari zaidi. Ajihadhari pia na usafi wa kupindukia. Harufu ya klorini hubana kifua, na kuichanganya na amonia au asidi hutoa gesi yenye sumu. Chanjo ikipatikana, kuwa na mafua ya mzio si sababu ya kuikataa. Aliyewahi kupata mzio mkali wa ghafla amweleze mchanjaji, naye kwa kawaida ataombwa asubiri dakika 30 badala ya 15.

Nyumbani, ongeeni kabla. Nani atahamia chumba chenye dirisha akipata dalili? Nani atampelekea chakula mlangoni? Kazini au shuleni, peleka mapema barua ya daktari inayosema una mzio wa aina gani na dalili zake za kawaida ni zipi, ili usilazimike kujitetea katikati ya kikohozi. Barua hiyo isiwe tiketi ya kwenda kazini ukiwa na homa.

Zipo dalili ambazo zikitokea, swali la mzio au maambukizi linawekwa kando. Kushindwa kumaliza sentensi bila kuhema, kifua kuuma au kubana bila kuachia, midomo kuwa ya buluu au kijivu, kuchanganyikiwa, usingizi usioamshika: mpeleke mgonjwa hospitali mara moja. Vivyo hivyo uso au ulimi ukivimba ghafla, pamoja na upele na kupumua kwa shida. Huo ni mzio mkali unaohitaji adrenalini ndani ya dakika chache, na mwenye sindano yake aichome pajani bila kusubiri gari. Ukiwa na kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, kikisoma chini ya asilimia 94 mgonjwa akiwa amepumzika piga simu kwa daktari, na chini ya 90 ni dharura. Ila utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vifaa hivi husoma juu ya ukweli mara nyingi zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi kuliko kwa weupe. Kidole cha baridi au chenye rangi ya kucha nacho huvuruga kipimo. Namba ikikuambia yuko salama na macho yako yakakuambia anahangaika kupumua, amini macho yako. Piga simu kwanza ili wajiandae kumpokea, mvalishe barakoa kama anaweza kupumua nayo, na ubebe lile daftari.