Kabla hujampeleka mgonjwa wa sukari kuangaliwa macho

Mama yangu aliishi na sukari miaka minane bila mtu yeyote kumtazama nyuma ya jicho. Tulimpima kidole, tulimpima presha, dawa hazikukosekana, na jioni alichambua mchele kwa mwanga wa taa bila kuacha jiwe hata moja. Macho yalikuwa ya nini kuyafikiria? Siku alipofuata miwani ya kusomea ndipo daktari akamwambia, "Mama, huku ndani kumeanza siku nyingi."

Mtego uko hapo. Sukari ikizidi inachakaza kuta za mishipa midogo ya damu iliyo kwenye retina, ile ngozi ya ndani inayopokea picha. Mishipa inavimba, mingine inavujisha maji na damu, mingine inaziba. Sehemu zilizokosa damu huotesha mishipa mipya, nayo ni dhaifu, inapasuka hovyo. Yote haya hayaumi, na ugonjwa unaweza kufika mbali mtu akiwa bado anasoma kibao cha daladala ikiwa mtaa wa pili. Kwa hiyo usisubiri aseme haoni vizuri. Mwenye kisukari aina ya 2 anatakiwa kuangaliwa mara tu anapogundulika, kwa kuwa mara nyingi sukari ilikuwa mwilini miaka kabla haijajulikana. Wa aina ya 1, ndani ya miaka 5 tangu aanze kuugua. Baada ya hapo ni kila mwaka, au mapema zaidi daktari akisema hivyo. Mwenye sukari akishika mimba aangaliwe ndani ya miezi 3 ya mwanzo, maana ujauzito unaweza kuuongezea kasi ugonjwa huu.

Jambo la kwanza ni kujua unakwenda wapi. Kusomeshwa herufi ukutani kwenye duka la miwani si kipimo hiki. Unatafuta mahali wanapotia dawa ya kupanua mboni na kutazama ndani, au kupiga picha ya retina. Kwa Tanzania, hospitali kama KCMC ya Moshi, Muhimbili na CCBRT zina wataalamu wa macho. Ulizia mapema siku ya kliniki, kama barua ya rufaa inahitajika, na kama bima yenu inalipia.

Hapa niseme neno kuhusu miwani, kwa sababu shangazi amenunua mara mbili na zote ziko kabatini. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho nayo inabadilika, leo unaona mbali, wiki ijayo unaona karibu. Ukipimwa miwani wakati huo, utapewa ya jicho la siku hiyo tu. Subiri sukari itulie wiki kadhaa, ndipo ukapime.

Usiku wa kuamkia safari, kaa na mgonjwa muandike karatasi moja: mwaka aliogundulika, majibu ya kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 3 (HbA1c) kama mnayo, presha, hali ya figo, dawa zinazomdhuru, na kama aliwahi kufanyiwa upasuaji wa jicho. Dawa zenyewe zitieni kwenye mfuko mwende nazo. Mama akiulizwa anatumia nini hujibu "vile vidonge vyeupe", na vyeupe vyake ni vya aina tatu.

Asubuhi ale. Wengi wetu tunaamini kila kipimo cha hospitali kinataka tumbo tupu. Kuangaliwa macho hakutaki, labda mmeambiwa vinginevyo. Achome insulini yake au anywe vidonge vyake kama kawaida, na mbebe chakula. Sisi hatukubeba. Saa nne na nusu, tukiwa bado kwenye benchi, Mama akaanza kutoka jasho na kusema anaona ukungu. Mimi nikadhani ni macho, nikataka kumwita nesi wa macho! Bibi mmoja aliyekaa pembeni ndiye aliyetoa juisi mkobani akasema, "Mpe anywe hii, mwanangu, sukari imeshuka." Baada ya dakika chache ukungu ukaondoka. Tangu siku hiyo glukosi haitoki kwenye mkoba wangu.

Dawa ya kupanua mboni inawasha kidogo, na wengine husikia uchungu wake kooni. Kabla haijatiwa, mwambie nesi kama mgonjwa ana presha ya macho. Inachukua kama dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, halafu mboni inabaki wazi saa 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Muda huo maandishi ya karibu yanachanganyika na jua la mchana linachoma macho. Asiendeshe gari wala pikipiki. Awe na miwani ya jua, au kofia, au kanga ya kujifunika, na mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi. Wala asitume hela kwa simu siku hiyo, sifuri moja ikizidi ni balaa.

Ukiwa mbele ya daktari, uliza wazi: retina imeguswa? Sehemu ya katikati, ile ya kusomea, imevimba? Turudi lini? Akitaja leza, jua kwamba kazi yake kubwa ni kulinda uoni uliobaki, na inaweza kupunguza kuona pembeni na gizani. Akitaja sindano ya ndani ya jicho, usikimbie. Jicho linatiwa ganzi na kusafishwa, na sindano yenyewe ni sekunde chache. Kinachowashinda watu si maumivu, ni kurudi: miezi ya mwanzo sindano mara nyingi huwa kila mwezi. Hesabuni nauli na gharama za mfululizo mzima kabla ya ile ya kwanza. Nimeona watu wakichomwa moja, wakapata nafuu, wasionekane tena mpaka jicho limejaa damu.

Kuna jambo ambalo kliniki ya sukari na ya macho hazielezani kila mara. Mtu aliyekaa na sukari ya juu miaka mingi akishushwa kwa kasi, hasa anapoanzishiwa insulini, retina inaweza kuharibika zaidi kwa muda kabla ya kutulia. Hiyo si sababu ya kukataa insulini. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliotoa majibu mwaka 1993, uligundua kuwa wenye aina ya 1 ambao retina zao zilikuwa bado nzima walipunguza hatari ya kuharibika kwa asilimia 76 kwa kudhibiti sukari vizuri. Maana yake ni macho yaangaliwe kabla ya kubadilisha dawa, na tena miezi michache baadaye.

Nyumbani napo paandaliwe angali anaona, maana mambo mapya hujifunzwa kwa urahisi kabla giza halijaja. Mama anatumia insulini mbili. Tumevalisha kichupa cha asubuhi mpira mmoja wa kufungia pesa, cha jioni mipira miwili, anavitambua kwa kidole. Vile vistari vya bomba la sindano vikianza kumsumbua, ulizieni kalamu ya insulini, inayohesabika kwa mlio. Ukingo wa ngazi upakwe rangi inayoonekana. Miguu yake iangaliwe na mtu mwingine kila jioni, maana mwenye sukari anaweza kukanyaga msumari asisikie, na sasa asiuone pia. Amueni pia ni nani ataaminiwa na namba ya siri ya simu. Na mitishamba ya kutia jichoni, hata ikiletwa na ndugu mpenzi, iishie mlangoni.

Tarehe ya kurudi tumeiandika kwa makapeni kwenye kalenda ya jikoni. Ila haya hayangoji tarehe: vidoa vyeusi au nyuzi nyingi zilizozuka ghafla, mwako kama wa radi pembeni mwa jicho, pazia linaloshuka, au jicho moja kuzimika. Ukiyasikia, mpeleke siku hiyohiyo, hata kama anakuambia haumwi popote.