Namna ya Kuzishirikisha Jamii Asilia Katika Kutunga Kanuni za Nishati

Mkutano wa kwanza na jamii ufanyike kabla rasimu ya kanuni haijaandikwa. Nchini Kenya, ambako sehemu kubwa ya umeme hutokana na mvuke wa ardhini na upepo wa malisho ya Wamaasai, Wasamburu, Waturkana na Warendille, wafugaji wamezoea kuitwa wakati yamebaki mawili tu ya kuzungumza: fidia, na mahali pa kuhamia. Maswali mazito zaidi, yaani nani apewe leseni, kwa masharti gani, na mrabaha (malipo ambayo mwenye leseni hutoa kwa kutumia rasilimali) ugawanywe vipi, huwa yamekwisha kujibiwa katika kanuni ambazo hawakuwahi kuziona. Nawaandikia maafisa wanaotunga kanuni hizo, pamoja na mashirika yanayofanya kazi na jamii hizi.

Anza na sheria inayokubana wewe mwenyewe. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinauweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, na kifungu cha 260 kinawataja wafugaji na jamii asilia zinazoishi kwa kuwinda na kukusanya katika maana ya jamii zilizotengwa. Sheria ya 2013 inayosimamia utungaji wa kanuni inakutaka ushauriane na watu watakaoguswa, kisha kanuni ifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo inakosa nguvu. Liko pia Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu asilia, ambalo ibara yake ya 19 inazitaka serikali zipate ridhaa ya jamii, kupitia taasisi ambazo jamii yenyewe imezichagua, kabla ya kupitisha hatua yoyote ya kisheria au ya kiutawala itakayowagusa. Kenya ilijizuia kupiga kura siku Azimio hilo lilipopitishwa. Hata hivyo, kwa maoni yangu hakuna kipimo bora zaidi cha kazi yako.

Neno «taasisi zao wenyewe» ndilo lililopuuzwa Olkaria, eneo la mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini. Familia za Wamaasai zilipohamishwa mwaka 2014 kupisha mtambo wa Olkaria IV, malalamiko yalifika kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, na miongoni mwa dosari zilizobainika ni kwamba lugha ya Kimaa haikutumiwa ipasavyo na nafasi ya wazee ilisukumwa kando. Kwa hiyo usimwachie chifu peke yake kazi ya kuita watu. Waulize wanajamii ni nani huwasemea katika mambo ya ardhi na maji, kisha utenge kikao cha wanawake, kwa sababu wao ndio wajuao njia ya kuni na ya kisima itakatizwa wapi, na mara nyingi hawatasimama kusema mbele ya wazee.

Lugha haimaliziki kwa kumleta mkalimani. Rasimu ya kanuni imejaa tarakimu ambazo hata msomi huzipita haraka, na hapo ndipo watu hudhulumika bila kujua. Chukua mrabaha wa mvuke. Sheria ya Nishati ya 2019 inatoza kati ya asilimia 1 na 2.5 ya thamani ya nishati inayotoka kwenye kisima cha mvuke kwa miaka 10 ya mwanzo, na katika mrabaha huo serikali kuu hupata asilimia 75, kaunti 20, na jamii ya mahali 5. Mzee akisikia «asilimia tano» ataelewa, na ana haki ya kuelewa hivyo, kwamba katika kila mia ya mvuke, tano ni zao. Sivyo. Mvuke wa shilingi milioni 100, hata ukitozwa kiwango cha juu, huzaa mrabaha wa milioni 2.5, na fungu la jamii ni shilingi 125,000, yaani sehemu moja kati ya 800 ya thamani ya mvuke. Tandika turubai, hesabu punje 800 za mahindi mbele ya watu wote, kisha uokote punje moja uiweke kando. Hapo mazungumzo ya kweli yataanza: punje hiyo ipokewe na nani, iwekwe wapi, na ikaguliwe na nani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayopaswa kuwa vifungu vya kanuni yako.

Usiite mkutano wakati wa ukame, mifugo ikiwa mbali na vijana wakiwa nayo. Tembea na wenyeji katika eneo lenyewe badala ya kuwaonyesha ramani tu. Jina Olkaria lenyewe latokana na udongo mwekundu ambao Wamaasai hujipaka, na mahali pa kuchimba udongo huo hapaonekani kwenye mchoro wa mhandisi.

Kuhusu ardhi, kanuni ya leseni iseme waziwazi kwamba mwombaji ataonyesha kumbukumbu za baraza la jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 tayari inadai mikataba ya uwekezaji iidhinishwe na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima. Marsabit, mitambo 365 ya upepo ilikuwa imekwisha simama na umeme unauzwa, ndipo Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru ikaamua kwamba hatimiliki za ardhi ile zilitolewa kinyume cha sheria.

Kila hoja iandikwe, na kando yake kilichobadilika katika rasimu, au sababu ya kutobadilika. Orodha hiyo isomwe kwa Kimaa, Kisamburu au Kirendille, palepale mlipokutana mara ya kwanza, kabla ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi, kisha iambatanishwe na maelezo yanayopelekwa Bungeni. Afisa asiyerudi kusoma majibu hatapata watu mara ya pili, nami sioni kwa nini apate.

Kanuni nyingi hukoma baada ya miaka 10 tangu kutungwa. Andika tarehe hiyo katika daftari la jamii, siyo la ofisi peke yake, ili wao ndio wakuulize marekebisho yanaanza lini.