Kusoma falsafa na historia kwa pamoja chuo, pa kuanzia

Wadogo zangu wa Iringa na Mbeya mnaoenda chuo, mkichukua falsafa pamoja na historia msizisome kwa staili moja. Historia inataka usome kurasa nyingi, falsafa inaweza kukupa kurasa sita tu zikakutoa jasho wiki nzima, kwahiyo pitia mara ya kwanza fasta, mara ya pili shika kalamu utafute jamaa anadai nini na sababu zake ni zipi, ya tatu ndo uanze kubishana nae.

Halafu tumieni mada za nyumbani. Chukua fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililopo pale Kalenga karibu na Iringa mjini: mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Waingereza, likaja kurudi 1954 baada ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kulichagua kwenye makumbusho ya Bremen, kwa kupima pima mafuvu. Wa historia atauliza nyaraka zinasemaje. We wa falsafa uliza, vipimo vile vinatosha kusema tunajua ni lenyewe, au tunaamini tu? Na kama silo, heshima inayotolewa pale inapungua? Hapo mtabishana mpaka chai ipoe, na kwa baridi ya Iringa haichelewi.

Esei ya falsafa usiijaze tarehe na majina makubwa, weka hoja yako mapema kisha andika pingamizi kali kuliko yote unayoyajua na ulijibu. Lojiki ifanyie mazoezi kila siku kama hesabu, ukiiacha mpaka wiki ya UE (mitihani ya mwisho wa semesta) imekula kwako.